Maneno Yaliyojificha: Somo la Dirisha la Kuandikia

Sasa unajua kusoma. Unajua kuandika jina lako, barua, na hesabu za kikundi. Leo tutasoma juu ya kazi nyingine ya maneno. Ni kazi ya kutengeneza ukurasa kwa kompyuta, kama vile tangazo, gazeti la kijiji, au kijitabu cha darasa.

Pengine hujagusa kompyuta hata siku moja. Usijali, somo hili ni lako pia. Matangazo mengi unayoyasoma leo yametengenezwa kwa kompyuta. Ukijua yanavyotengenezwa, utajua mahali ambapo kosa linaweza kuingia. Tuanze na kisa.

1. Mama na tangazo

Katika kijiji kimoja walikuwapo wakulima wa mpunga. Walikuwa na kikundi chao. Kikundi kiliwakopesha wanachama mbegu na mbolea. Baada ya mavuno kila mwanachama alitakiwa kulipa deni lake.

Mwaka mmoja mvua za masika zilizidi. Mto ulifurika. Mashamba ya bondeni yalijaa maji, na mpunga ukaoza. Kikundi kilikutana, kikakubaliana hivi: waliovuna walipe, na waliopoteza mpunga wapewe muda.

Katibu aliandika tangazo kwa kompyuta ya shule ya sekondari. Mwalimu alikuwa amemfundisha kutengeneza ukurasa. Alipomaliza, alitoa nakala 60, akazigawa kwa wanachama.

Mama mmoja mjane alipata nakala yake. Shamba lake lilikuwa bondeni. Mama huyu alijifunza kusoma katika darasa la kisomo, kwa hiyo hakumtafuta mtu wa kumsomea. Alikaa kivulini, akasoma polepole mpaka mstari wa mwisho. Mstari wa mwisho ulisema: "Asiyelipa kabla ya tarehe 31 Agosti hatakopeshwa tena."

Mama alifikiri usiku kucha. Asubuhi aliwapeleka mnadani mbuzi wake wawili, akawauza. Kisha akaenda kwa katibu.

"Shikamoo, mama," alisema katibu.

"Marahaba, mwanangu. Nimeleta deni langu."

Katibu alishangaa. "Mama, shamba lako si lilichukuliwa na maji? Mbona unalipa? Hukusoma tangazo?"

"Nimelisoma, mwanangu. Nimelisoma lote."

"Basi umeona tulivyoandika juu ya watu wa mafuriko."

Mama alifungua kitambaa chake, akatoa karatasi. "Nionyeshe mahali palipoandikwa hivyo," alisema.

Katibu alitafuta juu, akatafuta chini. Hakuona kitu. Yale maneno hayakuwamo.

Ndugu msomaji, mama alisoma vizuri. Karatasi ndiyo iliyopungua. Lakini katibu naye alikuwa na hakika kwamba aliyaandika maneno yale. Je, yalikwenda wapi?

2. Kazi mbili katika ukurasa mmoja

Kila ukurasa uliochapwa una kazi mbili ndani yake. Kazi ya kwanza ni ya maneno: tunataka kusema nini, na tumekiandika sawasawa? Kazi ya pili ni ya kupanga: kichwa kikae wapi, herufi ziwe na ukubwa gani, picha iwekwe upande upi?

Zamani kazi hizi zilifanywa na watu wawili. Mwandishi aliandika maneno kwenye karatasi. Mpiga chapa alichukua karatasi ile, akapanga herufi ndogo za risasi, moja moja, mpaka mstari ukajaa. Kosa moja likionekana, ilibidi herufi zitolewe na kupangwa upya. Kwa hiyo maneno yalisahihishwa kwanza. Kupanga kulifuata baadaye.

Wengine mtakumbuka taipureta na mashine ya kudurufu. Karani alipiga taipu kwenye karatasi laini ya stensili. Stensili ilivishwa kwenye mashine, mkono ukazungushwa, na nakala zikatoka. Ukikosea kwenye stensili, kosa lako lilitoka katika kila nakala.

Magazeti ya vijijini si jambo geni kwetu. Katika miaka ya 1970, wanakisomo wa kanda ya Ziwa Victoria, huko Mwanza, walikuwa na gazeti lao lililoitwa Elimu Haina Mwisho.

Mwaka 1985 jambo jipya lilitokea Marekani. Kampuni iliyoitwa Aldus ilianza kuuza programu iliyoitwa PageMaker. Jina la kampuni lilitokana na Aldus Manutius, mpiga chapa wa mji wa Venice, Italia, aliyefariki mwaka 1515. Kwa programu hiyo, mtu mmoja aliweza kukaa mbele ya kompyuta akaupanga ukurasa mzima mezani pake. Mwaka 1990 PageMaker iliongezewa dirisha la kuandikia maneno.

Siku hizi zipo programu nyingine za kazi hiyo. Moja ni Adobe InDesign, nayo ni ya kulipia. Nyingine ni Scribus, iliyoanza mwaka 2001. Scribus hailipiwi. Mtu yeyote anaruhusiwa kuichukua, kuitumia, na kumpa mwenzake. Katika somo hili tutatumia Scribus.

Kompyuta imeziweka kazi zote mbili mikononi mwa mtu mmoja. Hilo ni jema. Lakini mtu huyo anaweza kushughulika na uzuri wa ukurasa akasahau maneno. Ndivyo ilivyomtokea katibu wetu.

3. Fremu ni nini? Dirisha ni nini?

Unajua fremu ya mlango na fremu ya picha. Katika kompyuta, fremu ni kisanduku kinachochorwa juu ya ukurasa ili maneno yakae ndani yake. Kila habari huwa na fremu yake. Fremu ina urefu na upana. Haitanuki yenyewe maneno yakizidi.

Chukua mfano wa debe. Debe likijaa, ukaendelea kutia mahindi, mahindi humwagika chini. Unayaona, unayaokota. Fremu si hivyo. Maneno yakizidi, hayamwagiki. Yanajificha. Yamo ndani ya kompyuta, lakini hayaonekani kwenye ukurasa, na hayatatoka kwenye karatasi.

Dirisha la kuandikia ni mahali pengine kabisa. Ni kama daftari linalofunguka juu ya ukurasa. Ndani yake kuna maneno ya fremu ile tu. Hakuna picha, hakuna mapambo. Kichwa cha habari na habari yenyewe huonekana kwa herufi za ukubwa mmoja.

Tena dirisha lina faida kubwa: linaonyesha maneno yote. Yaliyoenea kwenye fremu yamo. Yaliyojificha nayo yamo. Ukurasa unaweza kukuficha jambo. Dirisha halikufichi.

4. Jinsi ya kufungua dirisha

Keti mbele ya kompyuta pamoja na mwalimu wako au mwenzako anayejua. Fuateni hatua hizi.

Hatua ya kwanza: fungueni ukurasa wenye fremu ya maneno.

Hatua ya pili: shika kipanya. Peleka mshale juu ya fremu, ubofye mara moja. Mistari ya fremu itaonekana wazi. Maana yake umeichagua fremu hiyo.

Hatua ya tatu: kwenye kibodi tafuta kitufe kilichoandikwa Ctrl. Kibonyeze, usikiachie. Kwa kidole kingine bonyeza herufi T. Kisha achia vyote viwili.

Dirisha litafunguka. Maneno ya fremu yatatokea ndani yake.

Dirisha lisipofunguka, huenda hukuchagua fremu. Rudia hatua ya pili. Usiogope kujaribu. Kompyuta haiharibiki kwa kubonyeza kitufe mara mbili.

5. Ndani ya dirisha

Tazama dirisha vizuri. Utaona sehemu tatu.

Sehemu ya kwanza ni uwanja wa maneno. Hapa ndipo unapoandika. Utaona kimstari kinachowaka na kuzimika. Neno jipya litaingia pale kimstari kilipo. Ukitaka kusahihisha neno, peleka mshale kwenye neno hilo, bofya, na kimstari kitahamia hapo. Kwenda aya nyingine, bonyeza kitufe cha Enter.

Sehemu ya pili ni safu nyembamba iliyo upande wa kushoto. Safu hii hutaja mtindo wa kila aya: hii ni kichwa, hii ni habari, hii ni maelezo ya picha. Dirishani unataja tu jina la mtindo. Ukubwa na umbo la herufi vitaonekana kwenye ukurasa.

Sehemu ya tatu ni mstari wa chini. Huu ni mstari wa hesabu. Unaonyesha idadi ya aya, idadi ya maneno, na idadi ya herufi. Wengi hawautazami, lakini una kazi kubwa. Tutaona mbele.

Dirisha linawafaa sana watu wenye macho hafifu. Kwenye ukurasa maneno huwa madogo ili karatasi nzima ionekane. Katika dirisha unaweza kumwomba mwalimu akuwekee herufi kubwa za kuandikia. Herufi hizo ni za macho yako tu. Hazibadilishi ukubwa wa herufi zitakazochapwa.

6. Kufunga dirisha

Hapa wanafunzi wengi hukosea. Soma polepole.

Maneno unayoyabadilisha dirishani hayaendi yenyewe kwenye ukurasa. Ni lazima uyapeleke. Juu ya dirisha kuna vitufe vyenye picha ndogo. Kimoja kina alama ya tiki, kama ile ya mwalimu anaposahihisha daftari. Ukikibofya, maneno yako hupelekwa kwenye fremu, na dirisha hufungwa.

Kipo kitufe kingine cha kutoka bila kupeleka kitu. Ukikibofya, mabadiliko yako yatapotea. Kompyuta itakuuliza kwanza kama kweli unataka yapotee. Soma swali kabla ya kujibu. Usibonyeze tu kwa sababu swali limetokea.

Sasa jambo la pili. Kupeleka maneno kwenye ukurasa si kuhifadhi kazi. Ni kama kutoa mpunga shambani na kuurundika uani. Haujaingia ghalani bado. Mvua ikinyesha, utalowa. Vivyo hivyo umeme ukikatika, kazi isiyohifadhiwa itapotea. Kuhifadhi, shika kitufe cha Ctrl na ubonyeze herufi S. Fanya hivyo kila unapofunga dirisha.

Kwa hiyo kumbuka mambo mawili: kwanza peleka, kisha hifadhi.

7. Alama ya hatari

Turudi kwenye maneno yaliyojificha. Utajuaje kwamba yapo?

Katika Scribus, maneno yakizidi fremu, kijisanduku kidogo chekundu hutokea kwenye kona ya chini ya fremu, upande wa kulia. Ndani yake kuna alama ya kuzidisha. Katika InDesign alama ni nyekundu pia, lakini ni ya kujumlisha.

Alama hii ni ndogo. Tena haichapwi kwenye karatasi. Mtu wa kompyuta huiona, lakini msomaji wa karatasi haioni. Kwa hiyo anayetengeneza ukurasa ana wajibu wa kuitafuta.

Ukiiona alama, usichape. Fungua dirisha. Soma maneno yote mpaka mwisho. Kisha chagua dawa mojawapo.

Dawa ya kwanza ni kupunguza maneno. Je, umesema jambo moja mara mbili? Futa moja. Mara nyingi hii ndiyo dawa bora, kwa maana tangazo fupi husomwa na wengi.

Dawa ya pili ni kuipanua fremu, kama karatasi ina nafasi.

Dawa ya tatu ni kuchora fremu nyingine na kuiunganisha na ile ya kwanza. Maneno yaliyozidi yataingia katika fremu ya pili, kama maji yanavyopita mferejini kwenda jaruba la pili. Hata hivyo, dirisha litaendelea kuonyesha habari nzima kwa pamoja.

Dawa ya nne ni kupunguza ukubwa wa herufi. Iache iwe ya mwisho. Herufi zikiwa ndogo mno, wazee hawatasoma, nawe utakuwa umeyaficha maneno kwa njia nyingine.

8. Hesabu ya katibu

Katibu alirudi shuleni pamoja na mwalimu. Walifungua ukurasa wa tangazo. Kwenye kona ya chini ya fremu kulikuwa na kijisanduku chekundu.

"Nilikiona kitu hiki," alisema katibu. "Nilidhani ni pambo."

Wakafungua dirisha. Wakasoma mpaka mwisho. Hapo, chini kabisa, waliyakuta maneno haya:

"Aliyepoteza mpunga kwa mafuriko asilipe sasa. Afike kwa katibu kabla ya tarehe 15 Agosti aandikishwe ili apewe muda mpaka msimu ujao."

Mwalimu akasema, "Tazama mstari wa hesabu."

Mstari ulionyesha maneno 112. Kisha katibu alichukua nakala iliyochapwa, akahesabu maneno kwa kalamu, moja moja. Alipata 91. Alifanya hesabu hii:

112 – 91 = 21

Maneno 21 yalikuwa yamejificha. Hesabu maneno ya katibu hapo juu, na namba 15 ihesabu kuwa neno moja. Utapata 21.

Lakini kwa nini yalijificha? Katibu alikumbuka. Alipomaliza kuandika, maneno yote yalienea. Baadaye alikikuza kichwa cha tangazo ili wazee wakisome vizuri. Kichwa kikachukua nafasi zaidi. Kikayasukuma maneno chini, na aya ya mwisho ikatoka nje ya fremu. Alikuwa na nia njema. Hata hivyo hakutazama chini baada ya kubadilisha kitu juu.

Hili ni funzo kubwa, ndugu msomaji. Si lazima uandike neno jipya ili maneno yajifiche. Ukikuza kichwa, ukiongeza picha, au ukibadilisha aina ya herufi, maneno husogea. Kwa hiyo kagua tena kila baada ya badiliko, hata liwe dogo.

Programu yenyewe hutoa onyo pia. Unapotaka kutoa faili la PDF, yaani ukurasa ulio tayari kwenda kwenye mashine ya kuchapa, Scribus hukagua kazi yako. Maneno yakiwa yamezidi fremu, hukuambia. Lakini inakuruhusu kupuuza onyo na kuendelea. Katibu alikuwa na haraka, akaendelea. Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka.

9. Watu wawili, macho manne

Mwalimu alimwonyesha katibu njia ya kukagua. Ni njia ya zamani ya wapiga chapa, na inafaa mpaka leo. Inahitaji watu wawili.

Mtu wa kwanza anashika karatasi iliyoandikwa kwa mkono, ile iliyokubaliwa na mkutano. Anaisoma kwa sauti, neno kwa neno. Mtu wa pili anafuata maneno katika dirisha. Wakikuta tofauti, wanasimama na kusahihisha. Tarehe na fedha husomwa mara mbili, kwa sababu sifuri moja ikiongezeka, Sh. 8,000 huwa Sh. 80,000.

Wakimaliza, wanapeleka maneno kwenye ukurasa, na kuhifadhi. Kisha wanachapa nakala moja tu. Mtu wa kwanza anasoma tena kwa sauti. Safari hii mtu wa pili anafuata kwenye karatasi iliyochapwa, si kwenye kompyuta. Neno la mwisho la karatasi likiwa sawa na neno la mwisho la maandishi ya mkono, wanaweka sahihi chini ya nakala ile. Sasa wanaweza kutoa nakala 60.

Kwa nini karatasi isomwe, wakati dirisha limesomwa? Kwa sababu dirisha linaonyesha uliyoandika. Karatasi inaonyesha watakayosoma wenzako. Ukipeleka moja bila kulinganisha na nyingine, hujui umewapa watu nini.

10. Mwisho wa kisa

Katibu alitengeneza tangazo upya. Safari hii aya ya watu wa mafuriko aliiweka juu, karibu na kichwa. Maneno mengine aliyapunguza. Alimwomba yule mama akae naye wakati wa kukagua. Mama alishika karatasi ya mkutano, akasoma kwa sauti. Katibu akafuata kwenye dirisha.

Walipofika mwisho, mama alisema, "Sasa soma wewe, mwanangu. Mimi nitazame karatasi." Wakarudia.

Kikundi kilimrudishia mama fedha zake. Lakini mbuzi walikuwa wameshanunuliwa na mtu wa mbali, na mmoja wao alikuwa na mimba. Fedha zilirudi. Mbuzi hawakurudi.

Tangu siku ile, hakuna tangazo la kikundi linalotolewa bila sahihi mbili. Ya kwanza ni ya katibu, na ya pili ni ya mwanachama aliyelisoma.

Ndugu msomaji, mwanachama huyo anaweza kuwa wewe. Huhitaji kujua vitufe vyote vya kompyuta. Unahitaji kujua kusoma, na kutoona haya kuuliza. Ukienda steshenari kuchapisha tangazo la kikundi, kadi ya harusi, au ratiba ya zahanati, muulize anayechapa: "Fungua dirisha nione maneno yote. Je, yapo yaliyojificha?" Usilipe nakala nyingi kabla ya kusoma nakala moja. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mambo ya kukumbuka

1. Sahihisha maneno kwanza, katika dirisha. Panga ukurasa baadaye.
2. Dirisha linaonyesha maneno yote. Fremu huonyesha yaliyoenea tu.
3. Peleka maneno kwenye ukurasa, kisha hifadhi kazi.
4. Alama nyekundu kwenye kona ya fremu ni onyo. Usichape.
5. Ukibadilisha kitu juu, tazama chini.
6. Someni watu wawili. Chapeni nakala moja kabla ya nyingi.

Maneno mapya

Aya: fungu la sentensi juu ya jambo moja.
Dirisha: sehemu inayofunguka kwenye kioo cha kompyuta kwa kazi fulani.
Fremu: kisanduku cha kuwekea maneno au picha juu ya ukurasa.
Kibodi: ubao wa vitufe vya kuandikia.
Kipanya: kifaa cha mkononi cha kuongoza mshale.
Kuhifadhi: kuweka kazi katika kompyuta ili isipotee.
Mtindo: jina la namna aya inavyotakiwa kuonekana.
Programu: maelekezo yanayoiwezesha kompyuta kufanya kazi fulani.

Maswali

1. Kwa nini mama aliuza mbuzi wake?
2. Maneno ya watu wa mafuriko yalijificha wapi?
3. Katibu alibadilisha nini baada ya kumaliza kuandika?
4. Kuna tofauti gani kati ya kupeleka maneno kwenye ukurasa na kuhifadhi kazi?
5. Dirisha linaonyesha maneno 150. Nakala iliyochapwa ina maneno 138. Ni maneno mangapi yamejificha?
6. Jadilianeni darasani: kosa lilikuwa la nani? La kompyuta, la katibu, au la kikundi kilichotoa tangazo bila kulikagua?

Kazi ya kufanya

Andika tangazo la mkutano wa darasa lenu kwa maneno 40. Chora kisanduku kidogo kwenye daftari. Andika tangazo ndani yake, kwa herufi ambazo mzee anaweza kuzisoma. Kisanduku kikijaa kabla hujamaliza, usibane herufi. Tafuta maneno ya kupunguza. Kisha mpe mwenzako asome kwa sauti, nawe usikilize kama kuna neno lililobaki nje.